Sura ya Tano: Mabingwa Wasio na Ratiba

Mwaka 1986 nchi za Afrika Mashariki na Kati zilipoandaa kwa mara ya kwanza mashindano ya CECAFA ya wanawake, kombe lilichukuliwa na Zanzibar. Wakati huo Kombe la Dunia la wanawake lilikuwa halijaanzishwa. Lingekuja mwaka 1991 nchini China. Afrika nayo haikuwa na mashindano yoyote ya kufuzu kwa timu za taifa za wanawake. Visiwa viwili na vijisiwa vyake vilikuwa mbele ya majirani wakubwa kwenye mchezo ambao sehemu nyingi za dunia zilikuwa bado zinabishana kama unamfaa mwanamke. Kisha mashindano hayo yakalala miaka 30. Yalipofufuliwa mwaka 2016 kule Jinja, Uganda, kombe lilikwenda kwa Kilimanjaro Queens wa Tanzania Bara, na mabingwa wa mwanzo wakarudi nyumbani wakiwa wamefungwa magoli mengi mno. Mwaka 2022, tena nchini Uganda, walifungwa na wenzao wa Bara kwa tofauti ya zaidi ya magoli kumi katika mechi moja. Anayetaka kuelewa soka la wanawake Zanzibar lazima aanze na swali hili: ni kitu gani kilipotea kati ya kombe lile na vipigo hivi? Majibu ya haraka ni matatu, nayo husikika kila mahali: visiwa ni vidogo, dini hairuhusu, fedha hakuna. Kila moja lina chembe ya ukweli. Lakini ushahidi ukipangwa vizuri unaonyesha sababu nyingine iliyo kubwa kuliko hizo tatu, nayo ni uhaba wa mechi za ushindani. Timu ya taifa ya wanawake ya eneo dogo hujengwa na ratiba. Penye ratiba, hata kipigo hufundisha. Pasipo na ratiba, hata ubingwa husahaulika.

Tuanze na udogo, kwa kuwa ndiyo hoja rahisi kupimika. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar. Visiwa vya Faroe, vilivyo chini ya himaya ya Denmark katika Atlantiki ya Kaskazini, vina watu wapatao 54,000, yaani Zanzibar inavizidi zaidi ya mara 30. Faroe si nchi huru kama ambavyo Zanzibar si nchi huru; ina serikali yake ya ndani, bendera yake na bunge lake, huku mambo makubwa ya nje yakiwa ya Denmark. Tofauti ni kwamba Faroe iliingia FIFA mwaka 1988 na UEFA mwaka 1990. Kutokana na uanachama huo, timu yao ya wanawake hupangiwa mechi za kufuzu Kombe la Dunia na Kombe la Ulaya, na bingwa wao wa ligi hushiriki mashindano ya klabu ya Ulaya. Hawajawahi kufika fainali zozote kubwa. Oktoba 2017, wakiwania kufuzu Kombe la Dunia la 2019, walifungwa na Ujerumani 11–0. Walioitazama mechi ile kwa jicho la aibu wangeweza kusema timu ivunjwe. Lakini kundi lilikuwa na mechi nyingine, na nyingine tena, na mwaka uliofuata Wajerumani walilazimika kusafiri hadi Tórshavn kucheza marudiano. Faroe wakafungwa tena, safari hii 8–0. Hakuna muujiza hapo, wala sidai kuwa upo. Ninachodai ni kwamba msichana wa miaka 12 aliye Klaksvík anajua kuwa mwakani timu ya taifa itacheza, mwaka unaofuata itacheza, na siku akifikisha umri kuna nafasi inayomsubiri. Kocha wake naye anajua anamwandaa kwa ajili ya mechi ipi.

Ili kuona kwa nini jambo hili lina uzito, ni lazima kutazama kwa karibu jinsi timu inavyofungwa magoli kumi. Kwa kawaida haifungwi magoli kumi kwa sababu wachezaji wake hawajui kupiga mpira. Dakika 20 za mwanzo mara nyingi hustahimili: mabeki wanakaa karibu karibu, viungo wanarudi kusaidia, kipa anaokoa mawili matatu. Goli la kwanza linaingia kwa mpira wa kona, kwa sababu aliyetakiwa kumkaba mshambuliaji aliukodolea mpira macho akamsahau mtu. La pili linafuata muda si mrefu, wakati kila mmoja angali anamlaumu mwenzake. Hapo ndipo mstari wa mabeki unapokatika: mmoja anapanda kuweka mtego wa kuotea, mwingine anabaki, na uwazi kati yao unakuwa barabara. Kuanzia dakika ya 60 pumzi zinakwisha, si kwa uvivu, bali kwa sababu mazoezini hawajawahi kukimbizana kwa dakika 90 na watu wenye kasi ile. Magoli matano au sita huingia katika nusu saa ya mwisho. Sasa tujiulize: ni lipi kati ya hayo linaweza kufundishwa na kocha ubaoni? Kumkaba mtu huku mpira uko hewani, kutulia baada ya kufungwa, kupanda na kushuka pamoja, kujua lini uutoe mpira nje ili wenzako wapumue: yote haya mchezaji huyapata katika mechi anayoweza kuipoteza. Timu inayocheza yenyewe kwa yenyewe mwaka mzima haiwezi kuyapata, hata ikifanya mazoezi kila jioni kuanzia Alasiri hadi Magharibi.

Basi timu ya wanawake ya Zanzibar, Zanzibar Queens, imepata mechi ngapi za namna hiyo? Baada ya 2016 wachezaji wake walicheza tena CECAFA mwaka 2019 jijini Dar es Salaam, kisha 2022. Katika mashindano ya 2018 yaliyochezwa Kigali hawakuwemo. Kila waliposhiriki waliishia hatua ya makundi, yaani mechi chache ndani ya siku chache, halafu kimya cha miaka miwili au mitatu. Katika kimya hicho wachezaji wanaolewa, wanahamia Bara, wanapata kazi, wanaumia, na kikosi kinachofuata kinaanza upya kana kwamba cha nyuma hakikuwepo. Majirani nao walikaa miaka 30 bila CECAFA ya wanawake, lakini wao walikuwa na mlango wa pili: Shirikisho la Soka la Afrika, CAF, lilianza kuendesha michezo ya kufuzu mwaka 1991, na ndiyo njia iliyoipeleka timu ya taifa ya wanawake ya Tanzania, Twiga Stars, katika fainali za Afrika mwaka 2010. Zanzibar ilikuwa nje ya mlango huo. Ndani ya CAF ni mwanachama mshiriki tu: klabu zake hucheza mashindano ya bara, timu yake ya taifa haichezi. Machi 2017, katika mkutano mkuu wa Addis Ababa, ilipokelewa kuwa mwanachama kamili wa 55, na visiwa vikalipuka kwa furaha. Julai mwaka huo huo, kwenye mkutano wa Rabat, uanachama ukafutwa kwa maelezo kwamba katiba ya CAF hairuhusu vyama viwili kutoka nchi moja. Habari nyingi za wakati ule zilizungumzia hasara ya Zanzibar Heroes, timu ya wanaume. Hasara ya wanawake ilikuwa kubwa zaidi, kwa sababu wanaume walau walikuwa na Kombe la Chalenji la CECAFA lililochezwa karibu kila mwaka, na Desemba 2017 walifika fainali wakatolewa na Kenya kwa penalti. Wanawake hawakuwa na akiba hiyo.

Kuwa nje ya FIFA kuna madhara mengine yasiyoonekana kirahisi. Mechi dhidi ya timu isiyo mwanachama haihesabiwi katika viwango vya ubora, hivyo shirikisho la nchi jirani likiwa na nafasi ya kucheza mechi ya kirafiki litachagua mpinzani atakayelipa pointi. Kalenda ya FIFA huzilazimisha klabu kuwaachia wachezaji wakati wa mechi za mataifa. Timu iliyo nje ya kalenda haina nguvu hiyo, inabaki kuomba. Hata hesabu ya vipigo hupotea, maana timu isiyo kwenye orodha ya viwango haiwezi kuonekana ikipanda. Sudan Kusini ni kipimo kizuri cha jambo hili. Ni nchi iliyopata uhuru mwaka 2011 na kuingia FIFA mwaka 2012, yenye vita, wakimbizi na viwanja vichache. Timu yake ya wanawake ilianza kushiriki CECAFA mwaka 2019, ikafungwa 9–0 na wenyeji Kilimanjaro Queens. Katika mashindano hayo hayo iliifunga Zanzibar. Leo jina lake limo katika orodha ya viwango vya dunia na inaingia katika droo za Afrika. Hakuna atakayesema Sudan Kusini ina utulivu kuliko Unguja, wala mila ya soka la wanawake ya zamani kuliko ile iliyozaa kombe la 1986. Ilichokuwa nacho ni kiti mezani, na kiti hicho huleta mechi.

Pingamizi la kwanza linalostahili jibu la heshima ni la dini na maadili. Karibu Wazanzibari wote ni Waislamu, na si kila mzazi anayekataa binti yake acheze mpira ana chuki na mchezo. Wengi wanauliza kuhusu stara, saa ya kurudi nyumbani, na nani atakuwa na binti huyo safarini. Hayo ni maswali halali. Lakini hayatoshi kueleza vipigo. Suala la mavazi, ambalo kwa miaka mingi lilikuwa kizuizi cha kweli, lilikuwa kizuizi cha FIFA kuliko cha Uislamu: mwaka 2011 timu ya wanawake ya Iran ilizuiwa kucheza na Jordan mechi ya kufuzu Olimpiki jijini Amman kwa sababu ya vazi la kichwani. Baada ya majaribio yaliyoanza 2012, wasimamizi wa sheria za soka waliruhusu rasmi mwaka 2014. Sheria ya sasa iko wazi na ni ya kiutendaji: kifuniko cha kichwa kiwe cheusi au kifanane na rangi kuu ya jezi, kisishonwe kwenye jezi, kisiwe na kitu cha kumdhuru mchezaji au mwenzake shingoni, na kisiwe na sehemu inayochomoza nje. Fundi cherehani yeyote wa Darajani anaweza kukishona kwa kitambaa kinachovutika, bila pini. Julai 2023 Nouhaila Benzina wa Morocco alicheza Kombe la Dunia akiwa amekivaa, na timu yake ikaishinda Korea Kusini, kisha ikafika hatua ya 16 bora. Morocco ni nchi ya Kiislamu. Ilichofanya ni kuanzisha ligi ya wanawake ya kulipwa yenye madaraja mawili na kuwapa mabinti mechi kila wiki, nayo ikafika fainali ya Afrika mara mbili mfululizo. Tena ratiba hujibu maswali ya mzazi kuliko hotuba. Mzazi anayeelezwa kuwa mechi ni Jumamosi saa tisa, gari litaondoka shuleni, meneja ni mama fulani anayemjua, na saa moja usiku binti atakuwa nyumbani, ana kitu cha kukubali au kukataa. Anayeambiwa tu kwamba binti yake "anacheza mpira" hana la kushika ila wasiwasi.

Pingamizi la pili hutoka kwa watu wenye nia njema na Muungano: kwa nini Zanzibar iwe na timu yake, wakati wasichana wake wana haki ya kuichezea Twiga Stars? Haki hiyo ni ya kweli na ni ya thamani. Lakini kikosi cha mashindano kina nafasi ishirini na kitu, na Twiga Stars huchagua kutoka ligi ya Bara yenye Simba Queens, Yanga Princess na JKT Queens, ambako wachezaji hukutana kila wiki. Msichana wa Wete au Makunduchi hatoki kwenye uwanja wa mtaani akaingia moja kwa moja kikosini humo. Anahitaji ngazi za katikati, na timu ya Zanzibar ni mojawapo. Ikifa, hazitabaki nafasi zaidi kwa Wazanzibari ndani ya Twiga Stars. Zitapungua, kwa kuwa hakutakuwa na mahali pa kuonekana. Anayeitakia Tanzania timu imara ya wanawake ana sababu ya kutaka Zanzibar icheze zaidi.

Pingamizi la tatu ni fedha, na hapa watu husema kulinganisha Zanzibar na Faroe si haki, maana kule ni Ulaya. Ni kweli kwamba Faroe ni matajiri, na kwamba fedha za UEFA na FIFA hulipa safari ambazo Zanzibar hulazimika kuziombea wafadhili. Basi tuiache Ulaya tuitazame Komoro, visiwa vya ndugu zetu, vya Kiislamu kama vyetu, vyenye watu wasiofika milioni moja na uchumi mdogo. Komoro waliingia FIFA mwaka 2005. Mwaka 2019 wanawake wao walikwenda mashindano ya COSAFA, ya nchi za kusini mwa Afrika, wakafungwa na Afrika Kusini 17–0, kipigo kikubwa kuliko vyote nilivyovitaja. Mwaka 2020 walirudi, wakapangwa na wenyeji hao hao, na wakafungwa magoli machache zaidi kwa mbali. Hawakuwa wametajirika ndani ya mwaka mmoja. Walikuwa wamerudi, basi. Tatizo la fedha Zanzibar lipo, ila ni vyema liitwe kwa jina lake: michezo si jambo la Muungano, Zanzibar ina wizara yake na shirikisho lake, ZFF, lakini kiti cha FIFA kinakaliwa na shirikisho la soka la Tanzania, TFF, peke yake. Fedha za maendeleo zinazoingia kwa jina la Tanzania zinatakiwa kuwafikia mabinti wa Unguja na Pemba kwa makubaliano ya maandishi, yenye fungu la wanawake linalojulikana na kutangazwa, badala ya kutegemea hisani ya uongozi uliopo.

Limebaki pingamizi la mwisho, linalosemwa kwa sauti ya chini lakini lina nguvu kuliko yote: kwa nini tuwapeleke mabinti zetu wakaaibishwe? Watu huona matokeo gazetini na kuamua kuwa ni afadhali kutokwenda kuliko kurudi na magoli kumi. Fikra hii inaonekana kama huruma, lakini matunda yake ni ukatili, kwa sababu inawanyima wachezaji kitu pekee kinachoweza kupunguza magoli hayo. Pia haitumiki kwa haki. Timu za wanaume za visiwani zimewahi kufungwa nyumbani na ugenini, na hakuna aliyesema wanaume waache mpira. Zilirudi mwaka uliofuata. Mwaka 1995 Zanzibar Heroes walitwaa Chalenji nchini Uganda baada ya miaka mingi ya kushiriki na kushindwa. Wanawake wanastahili subira hiyo hiyo, na subira yenye maana ni ile inayoambatana na mechi.

Swali la kufanya nini lisisubiri uamuzi wa FIFA kule Zurich au wa CAF kule Cairo. Mlango wa FIFA unaweza kukaa umefungwa kwa muda mrefu. Kanuni zake zinataka taifa huru, au idhini ya shirikisho la nchi mama, na Greenland ilikataliwa na shirikisho la Amerika ya Kaskazini na Kati mwaka 2025 pamoja na juhudi zake zote. Kudai kiti ni haki, ila kukaa mikono mifukoni mpaka kiti kipatikane ni kosa. Ratiba inaweza kujengwa na kilichopo. Viwanja vipo: Amaan ulifunguliwa upya Desemba 2023 na mwaka 2025 ukapokea mechi za CHAN, Gombani upo Chake Chake, Mao Zedong upo mjini. Vipangiwe siku za wanawake zisizohamishwa kila timu ya wanaume inapotaka kufanya mazoezi. Klabu zipo, na mlango wa bara haujafungwa kwao: tangu CAF ianzishe Ligi ya Mabingwa ya wanawake mwaka 2021, bingwa wa Zanzibar hupata nafasi katika hatua ya kufuzu ya CECAFA, kama New Generation walivyokwenda Nairobi mwaka huo wa kwanza. Wachezaji wapo, na historia yao imehifadhiwa hata katika sinema; mtengeneza filamu Florence Ayisi alirekodi maisha ya timu ya Women Fighters katika filamu ya Zanzibar Soccer Queens ya mwaka 2007.

Kinachokosekana ni kufunga vipande hivyo pamoja. Shule za sekondari ziwe na mashindano ya soka ya wasichana kila muhula, kwa kuwa mchezaji anayeanza akiwa na miaka 18 hawezi kumfikia aliyeanza na miaka 9. Timu ya Unguja na ya Pemba zikutane angalau mara nne kwa mwaka, nauli ya boti ikiwa katika bajeti ya wizara. Mabingwa wa visiwani wapatiwe mechi za kirafiki na timu za Tanga, Dar es Salaam na Mombasa, miji ambayo kwa umbali iko karibu kuliko mataifa mengi yanavyokaribiana ndani ya kundi moja la kufuzu. Komoro nao waalikwe, kwa mechi ya kwenda na kurudi, ihesabiwe au isihesabiwe. Na mwisho wa kila msimu ZFF itangaze hadharani takwimu moja kabla ya nyingine zote: kila mchezaji wa timu ya taifa amecheza mechi ngapi za ushindani mwaka huu. Chini ya 20, uongozi ueleze kwa nini. Kwa takwimu hiyo wizara, wafadhili, waandishi wa habari na wazazi watakuwa na kitu cha kudai, nao viongozi watakuwa na kitu cha kuwajibikia. Kipigo kinachofuata, kama kitakuja, kisomwe pamoja na takwimu hiyo; na lawama ziwafikie waliopewa dhamana ya kutafuta mechi kabla ya kuwafikia mabinti waliokosa mechi za kujifunzia.